Shingo ya Wawira

Siku tulipomvisha mama nguo zake za mwisho, kidole changu kilitumbukia kichwani mwake. Sikukusudia. Nilikuwa namfunga kitambaa, kile cha maua ya zambarau alichopenda kwenda nacho kanisani, kidole kikapita juu ya mvi, kikashuka, kikapanda tena. Mfereji. Wanawake wa rika lake huku Embu wengi walikuwa nao, bonde dogo linalokata kichwa kutoka upande mmoja hadi mwingine, pale mukwa ulipokaa miaka yote. Mukwa ni ule ukanda wa ngozi wa kubebea mzigo. Unafunga kuni, unaziweka mgongoni, ukanda unaupitisha juu ya kichwa, halafu shingo ndiyo inayobeba. Sikulia. Nimekuwa nesi miaka mingi mno, nimevisha wafu wa watu wengine bila hesabu. Lakini kidole hakikutaka kutoka pale.

"Mbona umesimama?" akaniuliza dada yangu Wawira, aliyekuwa upande wa miguu akimvisha mama soksi. Aliuliza kwa sauti yake ile kubwa isiyojua ukubwa wa chumba, na kijana wa mochari akashtuka mlangoni. Wawira hasikii. Hajasikia kitu tangu alipokuwa na miaka kama kumi na mitatu.

Nikafunga kitambaa. Nikakaza fundo. Lakini nilikuwa nimeshapotea, nimerudi kijijini.

Nasema kijiji, na wa umri wangu wananielewa. Siyo kijiji cha kuzaliwa. Ni kile tulichosukumiwa wakati wa Hali ya Hatari, tulipotolewa kila mmoja kwenye mteremko wake na kupangwa nyumba kwa nyumba kama mahindi shambani. Kilizungukwa na handaki refu lililojaa miti iliyochongwa ncha, na kulikuwa na mlango mmoja tu. Handaki lenyewe walilichimba mama zetu. Baba alikuwa kizuizini, hatukujua wapi, na nilikuwa nimeacha kuuliza. Nyumba ziliezekwa kwa nyasi mbichi, moshi haukuwa na pa kutokea, na mtu akikohoa nyumba ya kwanza unamsikia nyumba ya sita. Tulilala wanane pale ambapo wangelala watatu. Nakumbuka harufu zaidi ya kitu kingine chochote: moshi, nyasi zinazooza, na mafuta ya mbarika.

Mafuta ya mbarika yalikuwa ya shingo. Wanawake waliruhusiwa kwenda kuni mara chache, wakisindikizwa na mahomgadi, yaani wenzetu waliopewa bunduki na Serikali watulinde dhidi ya ndugu zetu walioko msituni. Muda ulikuwa mfupi. Kwa hiyo kila mmoja alibeba mzigo wa siku tatu kwa safari moja, akarudi mbio mlango usije ukafungwa. Jioni ilikuwa ni kukandana shingo tu, nyumba hadi nyumba, na mafuta.

Na kulikuwa na jambo moja ambalo wasichana wa sasa hawawezi kulielewa. Ukipewa mukwa wako mwenyewe, umeacha utoto. Mama alikuwa ametoka kumpa Wawira wa kwake, mpya, ukinuka ngozi ya ng'ombe bado. Msichana aliyepewa mukwa halafu akalia shingo, mh! Angechekwa mpaka na kuku. "Huyo ataolewa na nani, mtu ambaye kuni zinamshinda?" Ndivyo walivyosema. Kwa hiyo shingo iliuma, na mtu alinyamaza.

Siku moja Wawira alirudi na kuni zake, akazitupa, akaingia ndani bila kuuvua mukwa kichwani. Mama alikuwa handakini kwenye kazi ya lazima. Mimi, ambaye niliitwa Kanini kwa sababu ya udogo wangu, nilikuwa nimeachiwa moto niuchunge.

"Kanini, funga mlango," akasema. "Mwanga unaniuma."

"Mwanga unaumaje?"

"Funga tu. Usiwe mtu wa maswali."

Nikafunga. Akalala akajifunika blanketi mpaka usoni. Akasema kichwa kinampasuka, na shingo imekaza kama mti. Nikacheka. Nilimwambia ni mukwa, kila mtu mwenye mukwa mpya shingo yake hukaza, hata mimi nilijua hilo. Nikaleta kibuyu cha mafuta nikaanza kumkanda. Ngozi yake ilikuwa moto kuliko mikono yangu iliyotoka motoni. Nakumbuka nilifikiri, ah, ni mafuta ndiyo yanafanya kazi.

Baadaye alitoka akatapika nyuma ya nyumba. Nikamfuata. Alikuwa ameshika ukuta, na macho yake yalikuwa yameenda mahali pengine.

"Usimwambie mama," akasema.

"Kwa nini?"

"Ataninyang'anya mukwa. Na nani ataleta kuni? Wewe?" Akajaribu kunicheka, hakuweza. "Apa kwamba husemi."

Neno la kuapa siku zile lilikuwa neno zito, watu walikuwa wakiuawa kwa sababu ya viapo. Sikuapa. Nilichukua majivu kwenye koleo, nikayafunika matapishi, nikayakanyaga kwa mguu ili yaonekane kama sehemu ya kawaida. Mama aliporudi akauliza, "Wawira yuko wapi?" Nikajibu, "Amechoka na kuni." Mama akasema heri mtoto anayechoka kwa kazi. Akala, akalala.

Wahenga wana usemi wao, mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu juu ya anayemsaidia kuficha.

Asubuhi filimbi ikalia. Wote nje, wote uwanjani, wazee na watoto. Kulikuwa na afisa Mzungu aliyekuja mara moja moja na fimbo yake nyembamba, na kila alipokuja alitaka watu wachuchumae kwa mistari, mikono juu ya kichwa, macho chini. Sijui alikuwa anahesabu au alifurahia tu kuona migongo. Mama alimwinua Wawira, akamwuliza una nini, Wawira akasema shingo. "Mukwa," mama akasema kwa haraka, maana filimbi ilikuwa inalia mara ya pili. "Utazoea. Twende." Akamshika mkono mmoja, mimi nikamshika wa pili. Alitembea kama mtu aliyebeba mtungi wa maji uliojaa.

"Wote chini! Kichwa chini!"

Tukachuchumaa. Nyasi zilikuwa na umande. Nikaweka mikono kichwani na kidevu kifuani kama nilivyofundishwa, halafu nikachungulia chini ya kiwiko changu, maana nilikuwa mtoto. Vichwa vyote vya kijiji vilikuwa chini. Kimoja tu kilikuwa juu. Wawira alichuchumaa vizuri kabisa, mikono mahali pake, lakini uso ulikuwa mbele, kidevu kimeinuka kidogo, kama mtu anayetazama mlima. Hakupepesa macho.

Sijui niwaambieje nilivyojisikia. Kwa miezi mingi sikuwa nimesikia chochote moyoni, tulikuwa tumekuwa kama mawe. Na hapo kitu kikanipanda kifuani, cha moto, kizuri. Nikasema moyoni, dada yangu amekataa.

Afisa akaja. Nikaona viatu vyake.

"Wewe! Kwa nini naangalia mimi? Weka kichwa chini!"

Afisa akamwita homgadi aliyekuwa karibu. Jina lake lilikuwa Njeru, kijana mrefu wa ukoo mmoja na mama, aliyekuwa akija kwetu kunywa uji kabla ya mambo haya yote. Mama hakumsalimia tena. Njeru akainama, akasema kwa Kiembu, pole pole, ili Mzungu asisikie: "Inama, mtoto wetu. Inama tu kidogo mambo yaishe."

Kichwa kikabaki juu.

"Piga yeye!"

Njeru akampiga kofi. Lilitua kwenye sikio la kushoto. Mwili wa Wawira ukayumba wote kwa pamoja, shingo haikupinda, na macho yakabaki mbele vile vile. Mtu mmoja nyuma yangu akashusha pumzi. Wawira akaanguka kwa mgongo, na Njeru akapiga goti, akamshika kisogo kwa mikono miwili, akausukuma uso wake kuelekea kifuani. Hapo ndipo magoti ya Wawira yalipojikunja, yote mawili kwa ghafla, yakaruka kuelekea tumboni. Mimi niliona teke. Afisa naye aliona teke.

"Hii iko kiburi mingi sana ndani yake," akasema. "Sisi tatoa."

Lakini Njeru hakunyanyuka. Alikuwa bado ameshika shingo ile, mikono imetulia, na nilimwona uso ukimbadilika. Akaachia kidogo, akasukuma tena kidogo, taratibu, na magoti yakapanda tena.

"Bwana," akasema. "Bwana, hii iko gonjwa. Hii naungua."

Afisa akarudi nyuma hatua mbili, akatoa leso akaziba pua. Lazima alikuwa amepata habari za vijiji vingine. Sisi tuliachwa tumechuchumaa. Njeru akamwinua Wawira mikononi, bunduki ikining'inia vibaya ikimgonga paja, akakimbia naye hadi kwenye Landrova. Mama aliondoka mstarini bila ruhusa akamfuata, na hakuna aliyempiga. Njeru ndiye aliyebishana na dereva mpaka mama akapandishwa. Mimi niliyaona hayo yote chini ya kiwiko changu. Wengine walikuwa wanatazama nyasi.

Walikaa hospitali ya Embu muda mrefu. Kijijini akaja mtu mwenye koti jeupe na kopo la vidonge vikubwa, akatumezesha nyumba yetu yote na nyumba zote za mstari ule. Jirani aliyekuwa ananilea alikwenda kumwona mama, akarudi na habari kwamba Wawira amechomwa sindano ndefu mgongoni, wakatoa maji, na maji yenyewe hayakuwa safi, yalikuwa kama uji mwepesi. Mimi nikaelewa mara moja. Ni kiburi. Mzungu alisema watakitoa, sasa wamekitoa, na kumbe hukaa mgongoni na rangi yake ni ya uji. Nililia siku hiyo, siku moja tu, nikaacha.

Watoto wakaniuliza, "Dada yako alifanya nini?" Nikasema, "Alikataa kumwinamia Mzungu." Nikalisema tena kesho yake. Nikalisema kwa watu wazima, na watu wazima wakatazamana. Kabla mama hajarudi, lilikuwa limeshazunguka kijiji chote, na mimi ndiye niliyeliwasha.

Wawira alirudi mwembamba, amenyolewa kichwa, anatembea akishika kuta. Nilimkimbilia nikamwita, akapita. Nikamwita tena. Nikafikiri, ni kweli, wamekitoa chote, hata kuitika haitiki. Mama ndiye aliyeniambia hasikii. Hata sikio la kulia halisikii. "Ni kofi la Njeru," mama akasema, na hakulitaja jina hilo tena maisha yake yote bila kutema mate.

Mambo yaliisha, kama kila kitu kinavyoisha. Baba alirudi akiwa mzee kabla ya wakati, na kila mwanamume aliyerudi alikuwa na kitu cha kusimulia. Yeye alikuwa na Wawira. Kwenye harusi, kwenye mikutano, hata siku za sikukuu ya taifa, Wawira aliketishwa mbele, akapewa soda ya kwanza. Mtu akasimama akasimulia: huyu mama, akiwa msichana mdogo, alikataa kuinamisha kichwa, wakampiga mpaka akawa kiziwi, na hakuinama. Makofi yakapigwa. Wawira alitabasamu akitazama mikono ya watu. Hakuwahi kusikia hata neno moja la hadithi hiyo. Nilimwuliza zamani sana kwa nini anafikiri wanamketisha mbele, akasema, "Wananionea huruma. Wacha waone."

Mimi nikaenda kusomea unesi. Siku moja mwalimu alileta kichwa cha kondoo darasani, fuvu limekatwa kwa msumeno, akatuonyesha jinsi ubongo unavyovikwa. Nguo tatu. Ya nje ni ngumu, imeshikana na mfupa, ukiivuta inatoa mlio. Ya kati ni nyepesi, nyuzi nyuzi, mithili ya utando wa buibui. Ya ndani imegandamana na ubongo wenyewe, inaingia kila mkunjo, kama ngozi ya haragwe lililochemka. Kati ya ile ya pili na ya tatu kuna maji, masafi kabisa, na maji hayo hayo hushuka na uti wa mgongo mpaka chini. Wadudu wakiingia humo, utando unavimba, maji yanachafuka. Homa ya uti wa mgongo, akasema. Hupenda mahali watu wamesongamana.

Halafu akamlaza mwanafunzi mmoja kitandani. "Mtaijuaje? Mgonjwa hapendi mwanga. Anatapika. Mwambieni aguse kifua kwa kidevu, hataweza. Siyo kwamba hataki. Ukiinamisha shingo unauvuta ule utando uliovimba, na mwili wenyewe unakataa." Akaweka mkono kisogoni mwa mwanafunzi, akakiinua kichwa. "Na ukilazimisha hivi, mtazame magoti. Yanajikunja yenyewe."

Mtu akauliza kama wanapona. Mwalimu akasema wengi, wakiwahiwa. Kuchelewa siku moja ni kitu kikubwa. Na wapo wanaopona wakabaki viziwi, masikio yote mawili, kwa sababu ugonjwa huingia mpaka ndani ya sikio. Kofi, nikajiambia, haliwezi kuziba masikio mawili.

Niliandika yote. Ninalo daftari hilo bado, na mwandiko wa ukurasa ule ni mzuri kuliko kurasa nyingine zote. Jioni nilikula ugali na sukuma wiki, nikalala usingizi. Watu hudhani ukweli ukikuangukia utapiga yowe. Mimi nilihisi kama mguu uliokaliwa vibaya.

Sikumwambia baba. Ningemwambia nini, kwamba fahari yake ilikuwa homa? Sikumwambia mama, maana ningelazimika kumwambia pia juu ya majivu.

Kazi ilinipeleka Meru mjini, na huko, sokoni Gakoromone, nikamkuta Njeru. Alikuwa anauza nyanya, ameketi kwenye gunia, mzee, mrefu vile vile hata akiwa ameketi. Kwetu hakuna aliyekuwa akinunua kwake kitu, ndiyo sababu alivuka mto Thuci akaja kutafuta watu wasiomjua. Mimi nilimjua. Na yeye akanijua.

"Wewe ni wa mama Wawira," akasema. "Kanini."

"Ndiyo, mzee."

Akapanga nyanya zilizokuwa tayari zimepangwa. "Dada yako... siku hizi husikia hata kidogo?"

"Hasikii."

Akaangalia mkono wake wa kulia. Aliufungua, akaufunga. "Ni huu," akasema. "Kila siku nikiamka nauona. Mungu ananiona, Kanini, sikumpiga kwa nguvu. Nilidhani sikumpiga kwa nguvu."

Nilikuwa nimevaa sare yangu nyeupe. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, kwa mpangilio, kama yalivyo kwenye daftari. Mzee, siyo wewe. Mzee, mikono yako ndiyo iliyogundua, ungechelewa mpaka jioni tungemzika. Maneno mawili tu yangetosha. Lakini nikifungua mlango huo, majivu nayo yangetoka, na baba alikuwa hai bado, na siku ya sikukuu ilikuwa inakaribia, Wawira ameshashonewa nguo.

"Nipimie nyanya," nikasema.

Akanipimia. Akaniongeza nne za bure, nikazichukua. Nilipopita tena mwaka uliofuata, mwanamke mwingine alikuwa mahali pale, akaniambia yule mzee alikufa. Nikasema pole. Niliona aibu, nasema wazi, naiona mpaka leo, lakini hata aibu yenyewe iko mbali, kama redio ya jirani.

Basi sasa baba amekwenda, na mama amelala ndani na kitambaa chake cha zambarau, na mimi na Wawira tumekaa kwenye benchi nje ya mochari tukingoja gari la jeneza. Hakuna tena wa kumlinda na ukweli. Nikamgeuza anitazame, maana midomo yangu huisoma, ya wengine hapana. Nikamwambia. Polepole, na mikono. Kijiji, uwanja, kofi. Watu husema ulikataa. Ndiyo maana ya soda, ndiyo maana ya kiti cha mbele. Mimi ndiye niliyewaambia. Na haikuwa kofi, ulikuwa ugonjwa, na mimi nilijua unaumwa nikafunika kwa majivu.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile, watu wote wa benchi la pili wakageuka:

"Nilikataa? Mimi?" Akatikisa kichwa. "Kanini, nilijaribu kuinama. Niliogopa mpaka nikajikojolea. Nilijaribu kwa nguvu zangu zote."

"Najua."

"Nilimwambia yule mtu mrefu, naweza kidogo, ningoje. Sijui kama sauti ilitoka." Akafikiri. "Alinibeba. Alikuwa analia yule, machozi yake yaliniingia mdomoni. Alikuwa nani, Njeru? Yeye alijua siyo kofi? Ulimwambia?"

Nilitazama lango. Gari lilikuwa bado halijafika. Akanigusa goti, akauliza tena, safari hii kwa mikono tu: alionyesha urefu wa mtu, akaonyesha mdomo wangu.

Nikatikisa kichwa, hapana.

Wawira aliondoa mkono wake kwenye goti langu. Akauweka mapajani pamoja na ule mwingine. Kisha akainamisha kichwa, polepole, bila taabu yoyote, mpaka kidevu kikagusa kifua, akakaa hivyo mpaka gari lilipokuja.